Laki tisa ya mchezo, kamera ya kwanza: kati ya hizi tatu nichukue ipi?

BintiMuheza

Habari za jioni wakuu. Mimi humu ni msomaji tu, leo ndiyo nimejitosa kuandika.

Nina steshenari ndogo Muheza, karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, na picha za pasipoti napiga kwa simu: shuka la bluu ukutani, mteja kwenye stuli, namalizia kwenye kompyuta, printa inatoa. Kwa pasipoti simu imenilisha vizuri tu. Matatizo yalianza nilipojitanua. Mwezi wa tisa nilipewa kazi ya kupiga mahafali ya darasa la saba ukumbini. Madirisha yako nyuma ya jukwaa, na watoto wanapokea vyeti wakiwa wameyapa mgongo. Nilipiga picha mia tatu na kitu. Nyuso zote nyeusi, na zile nilizolazimisha zing'ae kwenye kompyuta zikatoka chenga tupu kama televisheni iliyokosa antena. Mama mmoja aliishika ya kwake, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaniuliza kwa upole kabisa: "Huyu ni wangu?" Nilimrudishia hela yake. Angenitukana isingeniuma vile.

Sasa nimepokea mchezo, nina laki tisa kamili. Kaka yangu anauza mikoba Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kamera hazijui ila kupatana bei anajua. Amezunguka akanitumia hizi:

Canon 4000D, mpya kwenye boksi, na lenzi yake ya kuvuta, 18-55. Laki nane na nusu.

Canon 600D ya mtumba, lenzi 18-55, betri moja. Laki tano na ishirini. Muuzaji anasema imetumika kidogo sana, picha aliyoijaribu mbele ya kaka imejiandika IMG_2314, yaani haijafika hata picha elfu mbili na nusu tangu itoke kiwandani.

Nikon D3200 ya mtumba, lenzi MBILI, 18-55 na nyingine ya 50mm f/1.8. Laki saba.

Moyo wangu uko kwa Nikon. Lenzi mbili, halafu megapikseli 24 wakati ile 600D ina 18. Kaka yeye anasema mpya ni mpya. Kazi zangu ni pasipoti, kipaimara, mahafali na sendofu za mtaani. Video siyo sana. Flashi ninayo tayari, Godox TT600, nimeinunua kwa jamaa aliyeacha kazi ya picha akaingia kwenye bodaboda. Natanguliza shukrani.

Kapteni_Pikseli

DSLR, hizi kamera za kioo ndani, mpaka leo? Canon na Nikon wenyewe nguvu zao wamehamishia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Jazia ufike milioni mbili uchukue hizo. Ukinunua vyuma chakavu utajuta.

BintiMuheza

Kapteni ahsante. Hiyo milioni na laki moja ya kujazia nikiipata nitakuita uje unisaidie kuihesabu. Mchezo wetu unazunguka miezi kumi na moja.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Nimepiga picha Tanga tangu enzi za filamu ya picha 36, ukifika ya 30 unaanza kuwabania maharusi.

Kapteni hajasema uongo kuhusu hao wenye viwanda. Ila hiyo hiyo ndiyo sababu mitumba imeshuka bei. Wenye hela wanahama, wanaacha mali nzuri mezani, na sisi wa laki tisa tunapita kuokota.

Nianze na hiyo Nikon unayoipenda, maana dada yake aliwahi kunivua nguo mbele za watu. Nilinunua D3100 pamoja na 50mm iliyoandikwa 1.8D. Muuzaji alinijaribishia mchana kwa ile 18-55, inashika fokasi vizuri kabisa. Ile 50 akaifunga tu kwenye kamera nione inavyopendeza, akasema "hii ndiyo ya maharusi, mzee". Nikaenda nayo sendofu Korogwe. Binti anaingia ukumbini, watu wamesimama, nabonyeza: kimya. Lenzi haizunguki, haitoi hata mlio. Natoa, nafunga upya, nabonyeza: kimya. Kumbe bodi (kamera yenyewe bila lenzi) zote za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake, zinategemea mota iliyomo kwenye lenzi. Na 50mm hiyo ya 1.8D haina mota. Inafungika, inapima mwanga, inapiga, ila fokasi uizungushe kwa mkono. Usiku, taa za disko, kwenye f/1.8, tundu la lenzi limefunguka kabisa, ambapo ukikosea kidogo jicho linafifia na sikio ndilo linaonekana! Nilikesha nazungusha ile pete kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Albamu nzima, binti ameonekana vizuri picha kumi na moja. Shada la maua lilitoka safi sana.

Kwa hiyo kaka asome maandishi ya mbele ya hiyo lenzi. Akikuta AF-S, na namba imemalizikia na G, hiyo ina mota na laki saba ni bei nzuri, achukue leo leo. Akikuta AF peke yake na 1.8D, asilipe hata mia kwa ajili yake. Siyo lenzi mbovu, kwenye D90 au D7000 zenye mota inafanya kazi kama kawaida. Kwenye D3200 ni pambo.

Hiyo 4000D mpya sasa. Pale lenzi inapofungwa pamewekwa plastiki badala ya chuma, hilo tuliache. La kwako wewe ni flashi. Igeuze TT600 yako uangalie chini: kuna ncha moja ya chuma katikati, hiyo ndiyo inayopokea amri ya kuwaka. Canon kwenye 4000D wameiondoa pini ya katikati pale juu inapochomekwa flashi. Kwenye 2000D na 250D vilevile. Utaichomeka, itakaa sawasawa, na haitawaka ng'o. Utakuwa na kamera mpya na flashi nzima ambazo hazisalimiani.

Inabaki 600D. Hiyo ilitoka 2011, si mtoto, lakini mdomo wake wa kufungia lenzi ni wa chuma, pini ya flashi ipo, kioo chake cha nyuma kinageuka. Hizo megapikseli zisikutie wasiwasi. Picha yake ina nukta 5184 kwa 3456. Ukichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata karibu inchi 17 kwa 11 na nusu, umeshaivuka A4 na A3 unaigusa. Wateja wako wanataka A4 ya fremu ya kutundika sebuleni, sivyo?

Ila hadithi ya IMG_2314 mwambie kaka aicheke kwa adabu. Canon anahesabu mafaili mpaka 9999 halafu anaanza upya 0001. Hiyo inaweza kuwa picha ya elfu mbili, ya elfu kumi na mbili au ya elfu themanini na mbili. Ni sawa na kumwuliza mtu umri wake akakutajia mwezi aliozaliwa. Nikon ndiyo huandika ndani ya kila faili kamera imeshapiga mara ngapi. Hii Canon haiandiki, kwa hiyo utaangalia uchakavu: mpira wa kushikia umelegea? Vitufe vimefutika maandishi? Pale juu pa flashi pamekwaruzika sana? Kamera ya mpiga harusi utaijua tu.

Hesabu yangu: apatane mpaka laki tano. Inayobaki, tafuta Canon 50mm f/1.8 STM. Hapa Tanga nimeona ya mtumba kwa laki mbili na nusu. Lenzi za Canon za EF zina mota ndani yake zote, hayo ya Korogwe hayakukuti. Kwa nini 50? Ile 18-55 ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu. Hii inafunguka 1.8. Mwanga unaoingia unakaribia mara kumi. Ndani ya kanisa jioni hiyo ndiyo tofauti ya picha na chenga. Lakini usiiuze 18-55! Kwenye 600D ile 50 inakaza sana: kumpata mtu kichwa mpaka viatu unarudi nyuma mita nne na nusu hivi. Steshenari yako ina mita ngapi? Pasipoti itakupa raha, familia ya watu kumi na tano itabidi urudi kwenye 18.

Zilizobaki ni za betri ya pili, namba yake LP-E8, na memori kadi moja ya kueleweka.

Nimalizie na jambo litakalokuudhi. Yale madirisha ya nyuma ya jukwaa yangekupa nyuso nyeusi hata kwa kamera ya milioni kumi. Kamera ilikuwa inapima mwanga wa dirisha, ikaridhika nao, mtoto akabaki kivuli. Pale kinachookoa ni flashi kutoka mbele. Weka M (kila kitu unapanga mwenyewe), f/5.6, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 400, spidi 1/160, flashi anza nusu ya nguvu, jaribu, punguza. Spidi usipandishe zaidi ya 1/200 ukiwa na flashi, ukivuka hapo picha inatoka na ubao mweusi upande mmoja kama pazia limekwama. Ukumbi wenye dari nyeupe, elekeza flashi juu mwanga ushuke kwa upole. Chini ya turubai lililopambwa vitambaa vya zambarau usithubutu, watu wote watatoka zambarau. Hapo funga karatasi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi kwa rababendi, imalizie kazi.

BintiMuheza

Mzee shikamoo, hii sasa ni rasmi. Nimecheka Korogwe yako mpaka mteja kaniuliza kuna nini.

Kaka amerudi kusoma. Imeandikwa AF NIKKOR 50mm 1:1.8 D. Akamwambia muuzaji hii haina mota. Muuzaji akamjibu "bosi, hiyo D ni ya dijitali, ndiyo za kisasa". Kaka nusura anunue, alivyojibiwa kwa kujiamini!

4000D tumeifuta. Nimeigeuza flashi, ncha ni moja tu katikati kama ulivyosema. Sasa swali: kaka hajawahi kushika kamera maishani. Akifika kwa mwenye 600D aangalie nini asionekane mgeni?

Mzee wa Ngamiani

Marahaba. Hiyo D ni ya umbali mwanangu, lenzi inaiambia kamera kitu kiko mbali kiasi gani. Zilikuwepo tukiwa bado tunasafisha filamu. Huyo muuzaji ana kipaji, angegombea udiwani.

Kwenye ukaguzi nampisha fundi, najua yumo humu.

FundiLenzi_Msa

Nimo mzee. Dadangu, mimi nafungua hizi kamera kila siku hapa Mombasa, na ninachokiona sana siyo shata, lile pazia la ndani, kufa. Ni ukungu. Sisi watu wa pwani tunaishi ndani ya unyevu, na lenzi ikifungiwa kwenye mkoba miezi kadhaa bila kutumika, inaota. Kakako atoe lenzi kwenye kamera, awashe tochi ya simu, aimulike kutoka nyuma huku akichungulia mbele kwa pembeni. Vumbi dogo dogo asilijali, kila lenzi ya zamani inalo. Akiona vijinyuzi kama utando wa buibui, au madoa yenye matawi, airudishe mezani. Kusafisha naweza, lakini ukungu ukikaa sana unakula ile rangi ya juu ya kioo na alama haitoki tena.

Jambo la pili, aweke kamera kwenye Av (f unachagua wewe, spidi inachagua kamera), azungushe mpaka f/22, apige ukuta mweupe au mbingu, halafu aivute picha kwenye kioo cha nyuma aipitie kona zote. Vidoa viwili vitatu vya kijivu ni vumbi juu ya sensa, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, vinapulizwa. Doa lenye ukingo mkali lisilotoka, au mstari, hapo hapana. Na vile vidoa anavyoviona akichungulia kwenye kidirisha visimtishe, haviingii kwenye picha. Watu wengi huacha kamera nzuri kwa sababu hiyo, na mimi huzichukua.

600D udhaifu wake ni kile kioo kinachogeuka. Ndani ya bawaba mna utepe wa waya, ukichoka kioo kinazima ukikigeuza. Akifungue, akizungushe polepole mara tano sita huku picha inaonyeshwa. Kikipepesa hata mara moja, aache. Flashi yako abebe mkononi, siyo kuambiwa "inafanya". Aichomeke, ipige mara kumi mfululizo.

Kitu kimoja tena: akikuta bodi imeandikwa Kiss X5 au Rebel T3i asikimbie. Ndiyo 600D hiyo hiyo, ya kwanza jina la Japani na ya pili la Marekani. Mara nyingi bei inakuwa chini kwa sababu wanunuzi hawaijui.

Ikishafika kwako usiihifadhi kwenye mkoba. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, weka humo. Muheza siyo ufukweni lakini milima ya Amani iko juu yenu hapo na mvua zake, unyevu mnao wa kutosha.

Kapteni_Pikseli

Haya nimekubali, ila memori kadi mwambie ajaze picha mpaka mwisho kabla ya kazi. Za mtaani zinaandikwa GB 64 ndani kuna 8, zikijaa zinaanza kufuta za mwanzo. Iliwahi kunikuta kwenye ubatizo, na wa kwangu mwenyewe ndiye aliyekuwa anabatizwa.

BintiMuheza

Pole Kapteni, kumbe na wewe ni mwenzetu.

Mrejesho wakuu. Kaka alikwenda Jumatano na flashi niliyomtumia kwa basi, amebeba tochi na karatasi nimemwandikia kila kitu. 600D ya kwanza, ile ya IMG_2314, kioo kilipepesa alipokizungusha mara ya tatu. Muuzaji akasema ni betri. Kaka akasema basi weka betri nyingine. Kikapepesa tena. Akashukuru, akaondoka, na anasema alipotoka pale alitembea kama profesa.

Duka la tatu akakuta Kiss X5. Mwenye duka mwenyewe hakujua kuwa ni 600D, alikuwa anaitaja "ya Kijapani" na kuiombea radhi. Lenzi haina utando, ukuta mweupe umeonyesha kidoa kimoja kidogo kona ya juu, kioo kimezunguka kimya, flashi imewaka mara kumi na nne maana kaka alinogewa. Laki nne na themanini. 50mm STM aliipata kwa laki mbili na sabini, pete ya mbele ina mkwaruzo, kioo chenyewe safi. Kadi moja, betri moja ya pili. Iliyobaki elfu hamsini na tano, nikamwambia kaka hiyo ni ya kwake, akasema atakula pilau na kunitumia picha ya sahani. Hajaituma mpaka sasa.

Betri ya pili ni ya ovyo, inaonyesha imejaa halafu baada ya picha arobaini inazima bila kuaga. Ile iliyokuja na kamera inapiga siku nzima. Nitatafuta nyingine mwezi ujao.

Mzee, steshenari nimeipima kwa rula ya mita: kutoka shuka la bluu mpaka kwenye kopi ni mita mbili na sentimita themanini. Pasipoti inatosha na chenji inabaki. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa noah anayehuisha leseni. Aliiangalia picha yake kwenye kioo akaniuliza kama nimempaka kitu usoni.

Yule mama wa mahafali amepita leo kutoa kopi ya kitambulisho, na mtoto yuko naye. Nimemwambia mtoto akae kwenye stuli kidogo. Nimeprinti moja nikaiweka ndani ya zile kopi, sijasema kitu. Jumapili nina kipaimara cha watoto kumi na wanane. Turubai limeshafungwa, nimepita kulitazama: zambarau tupu, dari mpaka nguzo. Rababendi ninazo pakiti nzima, karatasi nyeupe ndiyo biashara yangu. Mzee, ile karatasi iwe na urefu gani juu ya flashi, kiganja kimoja au viwili?

Mzee wa Ngamiani

Kimoja kinatosha. Kata A4 katikati. Na watoto wapange kwa urefu kabla padre hajaanza, baadaye hawapangiki.